Viti maalumu, kata au mtaa? Njia tatu za siasa kwa mwanamke au mwenye ulemavu wa Dar es Salaam

Msimu wa kuchukua fomu ukikaribia, watu huniletea swali moja kwa sura nyingi. Yupo dada mwenye kikoba Mbagala. Yupo kijana asiyeona aliyemaliza chuo na bado hana ajira. Yupo mama wa Kiwalani ambaye majirani hawaachi kumwambia agombee. Wote wanataka kujua waanzie wapi, na karibu wote wameshajibiwa na mtu kabla hawajafika kwangu: "Wewe nenda viti maalumu, ndiko kwenu huko."

Naliogopa jibu hilo. Viti maalumu, yaani nafasi zilizotengwa kwa wanawake, vina kazi yao, na bila hivyo Bunge letu lingejaa wanaume. Mwaka 2020 walioshinda majimbo wakiwa wanawake walikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Lakini jibu hilo humpangia mtu njia kabla hajaulizwa jambo la kwanza: watu unaotaka kuwasemea wanakaa wapi? Wanawake ni zaidi ya nusu ya wakazi 5,383,728 waliohesabiwa Dar es Salaam kwenye sensa ya 2022. Hakuna kata ambayo hawapo, na mahali pengi ndio wengi. Watu wenye ualbino, viziwi na wasioona hali yao ni tofauti. Wametawanyika mji mzima, mmoja Tandika, mwingine Bunju, na hakuna kata hata moja wanayoweza kuishinda kwa idadi yao. Makundi haya mawili hayawezi kupewa ushauri mmoja.

Kabla ya kulinganisha, tuziondoe njia ambazo kisheria hazipo, maana kuna watu wanapoteza muda wakiziota. Huwezi kuanzisha chama cha wanawake. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kuandikisha chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini, kabila, mahali watu wanakotoka, rangi au jinsia. Huwezi pia kusimama kama mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitamka kwamba katazo hilo linavunja haki. Sheria zetu bado zinadai udhaminiwe na chama. Kwa hiyo njia zote tatu zinapita mlango mmoja, wa chama, na ndani ya chama wanawake na vijana wana jumuiya zao: UWT na UVCCM kwa CCM, BAWACHA na BAVICHA kwa Chadema, Ngome ya Wanawake na Ngome ya Vijana kwa ACT-Wazalendo. Asiye na kadi na asiyehudhuria vikao asidhani atakumbukwa siku ya fomu.

Nani anakuchagua, nani anaweza kukutoa

Tuanze na viti maalumu vya ubunge. Vilikuwa 15 mwaka 1985, vikaongezwa hatua kwa hatua hadi ibara ya 66 ikaweka sharti la asilimia 30. Bunge la 2015 na lile la 2020 yalikuwa na viti 113 vya namna hiyo. Chama hupewa mgawo kulingana na kura zake za ubunge nchi nzima, mradi kimefikisha asilimia 5 ya kura halali. Halmashauri nazo zina wanawake wa viti maalumu wasiopungua theluthi ya madiwani wa kata.

Jina lako halionekani kwenye karatasi ya kura ya mwananchi. Wanaokuchagua ni wajumbe wa jumuiya, kisha vikao vya juu vya chama vinapanga orodha. Aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa kura za maoni za ndani ya chama anaijua hali ile. Wajumbe mia kadhaa wamekaa kwa wilaya zao, sare zimepigwa pasi. Kila mtia nia anapewa dakika chache za kujieleza. Mmoja anapiga magoti, mwingine anaimba, mwingine anataja tu misiba aliyoihudhuria. Mjumbe wa Kigamboni hana namna ya kujua umefanya nini Goba, kwa hiyo anapima anachokiona pale na alichosikia usiku uliotangulia. Usiku huo uliotangulia ndio wenye gharama: nauli za wajumbe, chakula, vitenge, na "asante" ambayo hakuna anayeiandika popote.

Kuna gharama nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini, nami nitaisema wazi. Mwanamke kijana asiye na fedha wala jina ndiye anayeombwa mwili wake ili jina lisikatwe. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Jambo hili lipo kwenye njia zote, ila linakuwa jepesi zaidi pale ambapo watu wachache wanakaa faragha na orodha ya majina. Ukiombwa, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, tunza ujumbe wote wa simu, na uende TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ukiwa na mwenzako.

Kwenye kata mambo yanabadilika. Chama bado kinaweza kukukata, na kura za maoni za udiwani nazo zina nauli zake. Lakini ukishapita, anayeamua ni mama lishe, dereva wa bodaboda, mpangaji wa chumba kimoja na mzee wa kijiwe cha kahawa. Mwanamke anayezunguka Vingunguti au Manzese kuomba kura atakutana na swali ambalo mwanaume haulizwi: "Mumeo amekuruhusu?" Asiye na mume ataulizwa kwa nini hana. Nimewaona wagombea wakilikasirikia swali hilo, na nimewaona wachache wakilijibu kwa kurudi kwenye mtaro: mvua za masika zikija, maji yanaingia nyumba hii na ile, barua ya kuomba mtaro iliandikwa lini, ipo ofisi gani. Kwa wale niliowaona wakijibu hivyo, kijiwe kilinyamaza na kuanza kuuliza maswali ya mtaro. Inachosha, na ni dhuluma kwamba inabidi. Lakini aliyevuka pale anatoka na kitu ambacho kikao cha chama peke yake hakiwezi kumpa wala kumnyang'anya, yaani watu wanaomjua kwa kazi.

Ndiyo maana sakata la wabunge 19 wa viti maalumu wa Chadema linafaa kuangaliwa kwa utulivu, bila ushabiki wa chama. Waliapishwa Novemba 2020, chama chao kikawafukuza uanachama siku chache baadaye, wao wakabaki bungeni huku shauri likienda mahakamani. Uwe upande wowote, utaona kwamba mvutano ulikuwa kati ya chama, Spika na mahakama. Mwananchi wa kawaida wa Dar es Salaam hakuwa na sehemu ya kusema namtaka huyu au simtaki, kwa sababu kiti kile hakikuwa chake tangu mwanzo.

Ukishapata kiti, unaweza kufanya nini

Ndani ya ukumbi wa Bunge au Baraza la Madiwani, kura ya wa viti maalumu ina uzito uleule. Anachangia, anauliza maswali, anakaa kwenye kamati. Tofauti inaanza nje ya ukumbi. Mbunge wa jimbo ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Wa viti maalumu hana mfuko huo. Waziri Mkuu, kwa ibara ya 51, lazima atoke miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni, kwa hiyo mwanamke wa viti maalumu hata akiwa hodari kuliko wote hawezi kuteuliwa. Diwani wa kata ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hapo ndipo inapopangwa barabara ipi ipelekwe kwanza na shule ipi iongezwe madarasa. Mwenzake wa viti maalumu anaingia kwenye kikao hicho kama mjumbe.

Lipo eneo moja ambalo naona diwani wa viti maalumu akijipanga anaweza kufanya kazi kubwa kuliko wa kata, nalo ni ile asilimia kumi. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Dar es Salaam, yenye halmashauri tajiri kama Jiji, Kinondoni na Temeke, asilimia mbili ni fedha nyingi. Diwani wa kata anavutwa na kata yake. Anayeweza kusimama barazani na kuuliza vikundi vya wenye ulemavu vya halmashauri nzima vimepata kiasi gani, vingapi vimekataliwa na kwa sababu gani, ni yule ambaye hajafungwa na mipaka ya kata. Tatizo ni kwamba wengi hawaulizi, na mimi naamini ni kwa sababu aliyewapa kiti hakuwahi kuwauliza hilo.

Kwa wenye ulemavu, hesabu ni nyingine

Hapa watu wengi hujichanganya. Katiba inatenga viti kwa wanawake. Haitengi viti vya wenye ulemavu. Nafasi ya "kundi la wenye ulemavu" unayoisikia ni utaratibu wa ndani wa chama, na CCM ndiyo imekuwa ikiitumia kwa kugawa sehemu ya viti vyake vya wanawake kwa makundi. Kwa njia hiyo waliingia Stella Ikupa na baadaye Ummy Nderiananga, na wote wawili wakawa naibu waziri katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Ni mafanikio ya kweli. Lakini kwa namna mlango ulivyojengwa, mwanaume mwenye ulemavu hana pa kupita. Kijana wangu asiyeona aliyeambiwa "nenda viti maalumu" alielekezwa kwenye mlango usiomhusu.

Kwake zimebaki mbili. Ya kwanza ni uteuzi wa Rais, ambaye anaweza kuteua wabunge wasiozidi kumi. Hivyo ndivyo Abdallah Possi alivyoingia bungeni na kuwa naibu waziri mwaka 2015, na ndivyo Al-Shaymaa Kwegyir alivyoteuliwa 2008, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yakiitesa nchi. Uteuzi haugombewi, kwa hiyo siwezi kumshauri mtu aupange. Ya pili ni kura. Mwaka 2010 Salum Khalfan Barwany, mwenye ualbino, aliomba kura za Lindi Mjini kwa tiketi ya CUF akashinda. Ualbino wake haukuwa siri kwa mtu yeyote pale, na waliompa kura wengi wao hawakuwa na ualbino. Ushindi ule umebaki moyoni mwangu kuliko teuzi zote, kwa sababu watu wa mji mzima walisema huyu ni mwakilishi wetu, miaka michache tu baada ya watu kama yeye kuanza kuwindwa.

Hata hivyo siwezi kumficha mtu ukweli wa Dar. Mkutano wa kampeni unafanyika uwanja wenye mashimo, jukwaa ni tela la lori lisilo na ngazi, na mkalimani wa lugha ya alama hayupo labda mgombea urais aje. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, lakini ofisi nyingi za chama hapa mjini ziko ghorofani au nyuma ya ngazi tatu zisizo na mbao ya kupandishia kiti cha magurudumu. Kwa mwanamke mwenye ulemavu mkubwa wa viungo, ambaye suala lake ni sheria na bajeti ya kitaifa, kundi la wenye ulemavu ndani ya viti maalumu naliona ndiyo njia sahihi, na ningemwambia aende bila kuona haya.

Mtaa, njia inayodharauliwa

Njia ya tatu haipewi uzito kwa sababu haina gari. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa. Ulikuwa 2014, 2019 na 27 Novemba 2024. Kamati ya mtaa ina nafasi zilizotengwa kwa wanawake na nafasi za kundi mchanganyiko la wanaume na wanawake, na zote hupigiwa kura na wakazi wenyewe. Hilo ndilo linalonivutia: ni viti vya wanawake, lakini mkazi ndiye anayeamua. Umri wa kugombea ni miaka 21. Kumbuka tu kwamba orodha ya wapiga kura wa mtaa huandikwa upya kwa ajili ya uchaguzi huo, na kadi ya mpiga kura ya Tume haitoshi. Wagombea wamewahi kushindwa kwa sababu watu wao walidhani wameshaandikishwa.

Kaa asubuhi moja kwenye ofisi ya mtaa ya Tandale au Yombo, utaona kazi yenyewe. Benchi limejaa. Mmoja anataka barua ya utambulisho afungue akaunti, mwingine anataka kumdhamini mdogo wake polisi. Mama amekuja na mtoto kwa sababu baba ameondoka na kodi ya nyumba, na wapangaji wawili wanagombana kuhusu luku. Muhuri uko mezani. Mwenyekiti mwanamke anayekaa pale miaka mitano anaingia kwenye maisha ya watu kuliko mbunge yeyote, na ndoa zinazopigana anazijua kwa majina. Akigombea kata baadaye, hana haja ya kujitambulisha.

Sasa ugumu wake. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, na 2024 CCM ilitangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila Chadema kuwemo, na sote tuliokuwa hapa mjini tunajua kilichofuata: watu walipoteza maisha, kafyu ikawekwa, intaneti ikazimwa. Siwezi kumshauri mwanamke wa upinzani kana kwamba hayo hayakutokea. Kwake njia ya kura imekuwa nyembamba sana, na viti maalumu navyo vinapungua pale chama kinapokosa kura. Kwa mwenye hali hiyo, miaka hii aitumie kwenye kazi isiyohitaji karatasi ya kura: TGNP, yaani Mtandao wa Jinsia, pale Mabibo wana semina zao za Jumatano, SHIVYAWATA wanaunganisha vyama vya wenye ulemavu, na vikoba vinahitaji makatibu wanaojua kusoma bajeti. Bibi Titi Mohamed alianzia kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa mji huu mwaka 1955, na wanawake wale ndio walioijaza TANU.

Ningechagua nini

Kwa mwanamke asiye na ulemavu, aliyekaa mtaa mmoja miaka mingi na anayejulikana, mtaa kwanza, halafu kata. Bonnah Kaluwa alikuwa diwani wa Kipawa kabla ya kuchukua jimbo la Segerea 2015. Anayetaka kuanzia viti maalumu aingie akijua anapita, na aweke tarehe ya kutoka. Halima Mdee aliingia kwa viti maalumu 2005, akaenda kuomba kura Kawe na kuzipata 2010 na 2015. Samia Suluhu Hassan alianza na viti maalumu katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2000, kisha akagombea jimbo la Makunduchi 2010. Wote wawili waliutumia muda wa viti maalumu kujifunza kazi, kisha wakaenda kwa wananchi. Wanaonisikitisha ni wale wanaokaa awamu ya tatu kwenye kiti kilekile huku wasichana wa UWT na BAWACHA wakisubiri nyuma yao.

Kwa mwanamke kijana mwenye elimu nzuri lakini aliyehamahama vyumba vya kupanga, Sinza mwaka huu na Tabata mwaka ujao, kata itamkataa. Udiwani wa viti maalumu unamfaa, mradi achague jambo moja la halmashauri nzima, kama hiyo asilimia kumi, na alifuatilie mpaka wakurugenzi wamjue.

Kwa mwanaume mwenye ulemavu, mtaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji. Muulize mtendaji wa mtaa wako kama kamati hiyo ipo na wajumbe wake ni akina nani. Kama haipo, andika barua ya kuomba iundwe, upeleke nakala kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa mzunguko wa miaka mitano uchaguzi wa mitaa unarudi 2029, na fomu itakukuta ukiwa tayari na kazi ya kuonyesha.